Mtu wa Pili

Timothée alipokuja kupanga chumba cha uani kwa Mwanahamisi, majirani walimwonya bibi huyo. Walisema kijana ni wa Butembo, hana ndugu hapa Kisangani, na kazi yake ni ya redio, na watu wa redio wana maneno mengi. Mwanahamisi aliwaacha waseme. Alikuwa amemwona kijana mwenyewe akifika, godoro kichwani na kinasa sauti cha kaseti kikining'inia begani kwa kamba ya ngozi. Sara, mke wa mwanawe Hemedi, alikuwa anarudi kutoka mtoni na ndoo ya maji. Kijana alitua godoro lake chini kwenye vumbi, akampokea Sara ndoo, akaifikisha jikoni, ndipo akarudi kuokota godoro. Kwa Mwanahamisi hilo lilitosha. Alimpa ufunguo siku hiyohiyo, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anamwita mjukuu wangu.

Kazi ya Timothée ilikuwa kusoma komunike. Kila jioni alizisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Lingala: fulani amefariki, matanga yako avenue fulani, mama fulani anaombwa arudi nyumbani, mtoto anaumwa, mzee fulani amepotea, alivaa suruali ya kaki. Mtaa mzima wa Tshopo ulinyamaza kumsikiliza. Mwanahamisi alizoea kuepua sufuria motoni saa hiyo, ili mchemko usiifunike sauti ya mjukuu wake.

Mwaka ule, mwezi wa Agosti, majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji kwa mara ya kwanza. Hemedi alikuwa ametoka na baiskeli yake ya toleka, ile inayobeba abiria nyuma, na hakurudi. Bunduki ziliponyamaza, Papa Kasongo alikuja mbio. Papa Kasongo alikuwa fundi wa baiskeli, na kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba ya Mwanahamisi, upande wa pili wa njia. Alilia kabla hajafika mlangoni.

"Mama Mwanahamisi, Hemedi ameisha! Nilimuona na macho yangu, karibu na soko. Shati yake ya manjano, mama. Amelala kifudifudi."

Nani angemshuku mtu anayelia hivyo? Sara alijitupa chini. Turubai likafungwa uani, viti vikaazimwa, kahawa ikapikwa, wazee wa msikiti wakaja. Jioni Timothée akaketi mbele ya kipaza sauti, akasoma kwa sauti iliyotetemeka kwamba Hemedi, mwana wa Mwanahamisi, wa Tshopo, hayuko tena.

Kesho yake, watu wakiwa wamejaa uani, Hemedi aliingia akisukuma baiskeli yake, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Alikuwa amejificha upande wa Kapalata kwa rafiki yake. Aliona turubai, akaona viti, akavua kofia kwa heshima.

"Eh, jamani," akauliza kwa sauti ya chini. "Ni matanga ya nani?"

Mzee mmoja wa msikiti alimtazama juu mpaka chini, kikombe mkononi.

"Yako, mwanangu," akasema. "Keti. Kunywa kahawa."

Watu walicheka hadi wakalia tena. Sara alimpiga mumewe makofi mgongoni kisha akamkumbatia, na viti havikurudishwa siku hiyo, kwa sababu ndizi zilipikwa na kila mtu akala. Papa Kasongo peke yake hakucheka. Alisimama kando ya ukuta akisema, "Lakini shati ilikuwa ya manjano. Mungu anajua, ilikuwa ya manjano." Kwa kweli mtu mwenye shati la manjano alikuwa amekufa karibu na soko. Mama yake hakupata kujulikana.

Jioni ile Timothée hakula. Alikuja kuketi kwenye mkeka wa Mwanahamisi.

"Koko, bibi yangu, unisamehe. Kosa iko yangu. Sikurekupe."

"Hukufanya nini?"

"Recouper, Koko. Kule redio, chef anatufundisha hilo neno kuliko yote. Nilisahau ju nilikuwa na huzuni."

"Bon, nifundishe na mimi."

Akafikiri kidogo, maana alitaka kumwambia vizuri. "Mutu wa kwanza anakuletea habari. Humukatai. Unamushukuru, ju amejichokesha kukuletea. Halafu unaenda kutafuta mutu wa pili. Lakini wa pili asiwe amesikia kwa wa kwanza. Awe aliona yeye mwenyewe. Wakisema sawa, unasema redioni. Wasiposema sawa, unanyamaza."

"Hilo sisi tunalo tangu zamani," Mwanahamisi akasema. "Mashahidi wawili."

"Karibu sawa, Koko. Lakini shahidi anakuja mwenyewe mbele ya kadhi. Huyu wa pili hakuji. Wewe njo unamufuata, na miguu yako."

Mwanahamisi alilipenda neno lile. Alikuwa amesoma kidogo tu, kwa masista zamani, kiasi cha kusoma jina lake na bei za soko. Neno la kazi ya watu waliosoma lilikaa mdomoni mwake kama peremende. Alimwambia Sara. Sara alimwambia muuza samaki aliyeapa kwamba samaki wake ni wa asubuhi: "Ngoja nirekupe kwanza." Kutoka sokoni neno likaingia mtaani. Mume akichelewa na kusema alikuwa kwa kaka yake, mke alimjibu, "Nitarekupe." Kijana akimwambia msichana kwamba anampenda, msichana aliuliza, "Nani mwingine anajua?" Kila mtu akalitumia, na kadiri lilivyotumika ndivyo lilivyopungua. Kwa Timothée lilikuwa kazi ya miguu. Mtaani likawa njia ya kumwambia mtu kwamba ni mwongo bila kumtukana.

Aliyeumia ni Papa Kasongo. Watoto walimbandika jina la Komunike. "Papa Komunike, leo nani amekufa?" walimwuliza wakipita, na wakubwa waliwakemea huku wakitabasamu. Mwanahamisi naye alitabasamu. Aliona kwamba fundi ameacha kuvuka njia kuja kuketi naye jioni. Aliona pia kwamba gurudumu la Hemedi likipasuka, Papa Kasongo aliliziba bila kungoja kuombwa, na kulirudisha limejaa upepo, limeegemezwa kwenye ukuta, bila neno. Aliliona na akasema moyoni, siku moja nitampikia kitu. Hakupika.

Juni ya mwaka uliofuata majeshi yaleyale yakapigana tena, na safari hii ilikuwa vita ya kweli. Mabomu yalipita juu ya Tshopo yakitoka pande zote mbili. Nyumba ya Mwanahamisi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imejengwa na baba mkwe wake, kwa hiyo majirani waliingia humo na watoto na magodoro, wakalala chini ya meza, chini ya vitanda, kwenye korido. Maji yakaisha. Unga ukaisha. Redio ilikuwa imenyamaza tangu bomu la kwanza, na Timothée, aliyezoea kujua mambo kabla ya wengine, alikuwa gizani kama wao. Alikaa na watoto akiwasomea komunike za uongo: kuku mmoja mwekundu amepotea, aliyemwona amwambie arudi, mwenyewe hana hasira. Watoto walicheka. Mwanahamisi aliliona na hilo pia.

Asubuhi moja mizinga ilinyamaza. Ukimya ulikuwa mkubwa hadi mtu akasikia kuku wa kweli. Kisha mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma ya ukuta wa ua: njia ya kwenda mtoni imefunguka, mitumbwi inavusha watu kwenda Lubunga, ng'ambo, mfanye haraka! Nyumba nzima ikasimama. Watu wakafunga vitenge, wakabeba watoto mgongoni. Timothée alikuwa tayari mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Alors, twende," akasema.

Hapo ndipo Mwanahamisi aliposema. Wala hakusema kwa ukali. Alisema kama bibi anavyomtania mjukuu aliyesahau kunawa mikono.

"Timothée. Umesharekupe?"

Watu wote wakacheka, kicheko chao cha kwanza tangu vita ianze. Timothée alicheka kuliko wote, akaegemea mlango.

"Koko, unanikamata na neno yangu mwenyewe!" Kisha uso wake ukabadilika, akatazama watoto mgongoni mwa mama zao. "Bon. Uko na haki. Mungojee hapa. Nafika mpaka njia panda, naona, narudi. Mutu asitoke."

Akachukua kinasa sauti chake, kwa mazoea tu, akatoka.

Walimngoja wamesimama, mizigo mgongoni. Muda ukapita. Kisha bunduki zikaanza upya, karibu kuliko siku zote, upande uleule wa njia panda, na watu wakajitupa chini na vitenge vyao. Baadaye ilijulikana kwamba wengi waliotoka kwenye nyumba nyingine hawakufika mtoni. Wa nyumba ya Mwanahamisi walipona wote, isipokuwa aliyetumwa.

Jua lilipopinda, bunduki zikatulia tena kidogo, mlango ukagongwa. Alikuwa Papa Kasongo. Alikuwa amekuja akiburuta tumbo kando ya kuta, kifua wazi, magoti yake yanatoka damu, na mkononi alikuwa na kibidoni cha maji. Alikitua karibu na miguu ya Mwanahamisi.

"Mama, keti kwanza."

"Sema, Papa Kasongo."

"Timothée ameanguka. Pale njia panda, kwenye ule ukuta ya buluu. Nilikuwa nyuma ya ukuta, mama. Nilimuona."

 Kisha kutoka kwenye korido sauti ya mtu, labda kwa woga tu, ikasema, "Komunike ameanza."

Papa Kasongo hakugeuka kumtafuta aliyesema. Alimtazama Mwanahamisi. "Munipe mulango moja ya kumubebea, na wanaume wawili. Tuende sasa, bunduki zimenyamaza. Tukingoja, mama, hatutamupata tena."

Hemedi alikuwa ameanza kufunga viatu vyake. Mwanahamisi alimwona, akaona vidole vyake vinavyofunga kamba. 

"Papa Kasongo," akasema, "hata Hemedi ulimuona na macho yako."

Fundi alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji. "Ile ilikuwa ile. Hii iko hii. Nilimuona uso."

"Nani mwingine aliona?"

"Watu walikuwa wanakimbia, mama! Nani angesimama kuangalia pamoja na mimi?"

"Basi tungoje. Mutu wa pili atakuja." Akamgeukia mwanawe. "Hemedi, vua viatu. Hatutoki ju ya kinywa kimoja."

"Mama..." Hemedi akaanza.

"Vua."

Papa Kasongo hakuondoka. Alitaka kusema kitu kingine, ilionekana, akaanza, "Lakini mimi nili—" na mtu wa korido akasema, "Urekupe kwanza, papa," na watu wawili watatu wakacheka kicheko kibaya.  Fundi alitoka kama alivyoingia, kwa tumbo. Hakuna aliyemshukuru kwa maji, na maji yalinywewa yote, watoto kwanza.

Walingoja. Bomu moja liliangusha mwembe wa jirani. Usiku watu waliomba, Wakristo kwa yao na Waislamu kwa yao, na wote walimtaja Timothée kama mtu aliye safarini. Mwanahamisi aliweka masikio yake mlangoni. Kila hatua aliyoisikia njiani alidhani ni ya Timothée. Atakuwa amejificha kwa rafiki, alimwambia Sara, kama Hemedi mwaka jana. Tutamcheka. Tutampa kahawa ya matanga yake.

Vita ilipokwisha, mji ulikuwa na harufu ambayo watu wa Kisangani hawapendi kuitaja. Wasichana na wavulana wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, vitambaa puani, wakiomba majembe. Aliyefika kwa Mwanahamisi aliitwa Pélagie. Alikuwa na macho mekundu na adabu nzuri. Alisimama nje ya kizingiti akasema hataki kuingia na uchafu wake. Mwanahamisi alimpa jembe, kisha akamwuliza. Kijana mrefu. Wa redio.

"Mwenye kamba ya ngozi begani?" Pélagie akauliza. "Na kaseti?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Njia panda, kwenye ukuta ya buluu." Msichana akashusha jembe chini. "Huyo tulimuzika jana, mama. Pamoja na wengine, kwenye kiwanja kule nyuma ya magereji. Hatukujua jina yake."

Mwanahamisi alishika mwimo wa mlango. "Anaweza kutolewa? Nije nimtambue?"

"Wako wengi, mama. Wako juu ya wengine." Pélagie alilia bila sauti, kama mtu aliyekwisha kulia sana. "Tulimungojea. Mwenzangu alisema huyu iko na viatu mazuri, na amelazwa vizuri, hakika ana watu wake, watakuja kumuchukua. Tulichukua wengine kwanza, yeye tukamuacha mpaka mwisho. Lakini jua ilikuwa kali sana, mama."

Mwanahamisi alimshukuru. Alimshika mikono yote miwili, hivyo hivyo na udongo wake, akamshukuru, na msichana akaenda na jembe. Kisha bibi aliketi kwenye mkeka uani.

Hakulia mara moja. Alikuwa anamsikia Timothée akieleza neno lake, pale pale alipoketi sasa. Humukatai. Unamushukuru. Wewe njo unamufuata, na miguu yako. Alikuwa amesikia yote siku ile na kuyakubali kwa kichwa, na siku ilipofika alishika kipande kimoja tu, kile cha kufungia mlango. Mtu wa kwanza hakumshukuru. Wa pili hakumtafuta. Angeweza kumruhusu Hemedi aende; njia panda haikuwa mbali, bunduki zilikuwa kimya. Hapo alijiuliza jambo ambalo aliendelea kujiuliza kwa miaka mingi, akipepeta mchele, akiwafunga wajukuu vitenge: je, alingoja kwa sababu ya neno, au kwa sababu aliona vidole vya mwanawe vikifunga viatu, na neno lilikuwa pale karibu, akalitwaa? 

Ilibaki kumwambia Annette, mama yake Timothée. Redio ya mji ilikuwa bado imenyamaza, na hata ingesema sauti yake haingefika Butembo. Sauti zilizofika Butembo ni za wafanyabiashara tu. Mzee Mumbere, Mnande wa huko Butembo mwenye duka la jumla la vitambaa, alikuwa na foni, redio ile ya kuzungumzia na miji ya mbali, ambayo kwayo aliulizia ndege za bidhaa zinazotua Simi-Simi. Duka lake lilikuwa limetobolewa ukuta. Alimkalisha Mwanahamisi juu ya kreti, akamletea chai mwenyewe, akageuza vifundo muda mrefu akiita kwa Kinande. Alimwambia arudi kesho, wataenda kumwita huyo mama.

Kesho yake sauti ya Annette ilikuja kwa mbali, imezungukwa na mvumo kama wa mvua kwenye mabati. Mumbere alimwonyesha Mwanahamisi kitufe: ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia.

"Mama Annette, mimi ni Mwanahamisi. Mtoto alikuwa anakaa kwangu."

"Ni wewe Koko? Timothée anakutaja kwenye barua zote." Kisha, kwa haraka: "Iko wapi?"

Mwanahamisi alisema. Alisema kwa maneno machache, kwa sababu alikuwa ameyapanga usiku kucha na yote mengine yalimponyoka. Alipoachia kitufe ulikuwepo mvumo tu. Mumbere alitazama dari.

"Nani alimuona?" sauti ikauliza mwishowe.

"Msichana mmoja wa kuzika. Na fundi mmoja wa baiskeli, Papa Kasongo. Yeye alimwona akianguka."

"Na kaburi iko wapi?"

Hili pia alilisema. Alisema kwamba fundi alikuja kuomba watu wa kumbeba na kwamba yeye, Mwanahamisi, alikataa. Hakutafuta njia ya kulisema vizuri.

Akaachia kitufe. Mwanahamisi alingoja alaaniwe, na laana angeipokea.

"Huyo fundi," Annette akasema. "Nataka kumusikia yeye. Umulete."

Papa Kasongo alikuwa mbele ya kilichobaki cha kibanda chake, akinyoosha rimu iliyopindwa na mabati yaliyoanguka. Hakuinua kichwa.

"Jambo, Papa Kasongo."

"Jambo, mama."

"Mutu wa pili alikuja."

Nyundo ilisimama. "Alisema nini?"

"Alisema kama wewe. Ukuta wa buluu."

"Alors?"

"Alors nimekuja kukushukuru. Siku ile sikukushukuru. Tulikunywa na maji yako."

Aligonga rimu, akaizungusha, akaitazama kwa jicho moja. "Sasa mutoto iko chini ya udongo na batu hata hajawajua, njo unakuja kusema asante."

"Ndiyo."

"Mwaka muzima, mama. Mwaka muzima batoto wananiita ile jina, na wewe unacheka."

"Nilicheka, ndiyo."

Hakujitetea zaidi ya hapo, na labda ndiyo maana fundi aliinua kichwa. Alikuwa amezeeka. Mwanahamisi akamwambia kwamba mama wa Timothée anataka kumsikia kwenye foni.

"Mimi?" akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo, kwa uchungu. "Mimi Komunike? Aende kwa yule msichana. Mimi maneno yangu inaua batu wazima, na wafu inawaacha njiani."

"Anakutaka wewe."

"Na asiponiamini?"

"Hajui hilo jina lako, Papa Kasongo. Anajua tu kwamba uliona."

Aliweka rimu chini. Alikwenda kunawa mikono ndani ya kopo, muda mrefu, akisugua mafuta ya mnyororo kwenye kucha kana kwamba Butembo wataiona mikono yake. Walitembea hadi dukani. Mahali pabaya pa njia fundi alimpisha apite pakavu, na Mwanahamisi aliliona, akaona aibu.

Kwenye foni mkono wa fundi ulitetemeka hata kitufe kikawa kinaingia na kutoka, na maneno yake yalifika Butembo vipande vipande. Annette hakusikia. Mwanahamisi akasogeza kreti yake, akaweka kidole chake juu ya kitufe, akakibonyeza.

"Sema, papa. Mimi nakishika."

"Mama Annette," Papa Kasongo akasema, "mimi naitwa Kasongo. Natengeneza baiskeli mbele ya nyumba ya mutoto wako. Ile asubuhi nilikuwa natoka kutafuta maji. Nilimuona anakuja, anatembea kando ya ukuta, pole pole, anaangalia njia. Akanisalimia na mukono. Alisema, 'Tonton, njia imefunguka kweli?' Nikamwambia, sijui, mutoto, mimi natoka upande wa kisima. Akasema, 'Basi naangalia mwenyewe.' Akapiga hatua. Njo bunduki ikaanza."

 Mwanahamisi akaachia kitufe. Mvumo tu. Akabonyeza tena.

"Aliteseka hapana, mama. Nilimwita, hakugeuka. Nilingoja mpaka ikapunguka, nikatambaa. Nikamuvuta kutoka barabarani, ju magari ya askari ilikuwa inapita. Nikamulaza kwa mugongo, karibu na ukuta, miguu pamoja. Nikafunga macho yake. Nikavua shati yangu, nikamufunika uso, nikaweka na jiwe ili upepo isitoe. Nikamwambia naenda kuita batu ya nyumbani, nakuja nao sasa hivi."

Mwanahamisi hakuwa amejua haya. Yalikuwa mdomoni mwa mtu yule siku ile, kwenye kizingiti chake. Mzee Mumbere alikuwa amegeuza uso ukutani. Wapagazi wawili waliokuwa wanapanga mabelo ya vitambaa walikuwa wamesimama.

Aliachia kitufe. Sauti ya Annette ilikuja imekatika, kisha ikatengemaa.

"Nasikia, papa. Alivaa nini? Niambie yote. Uendelee."

Mwanahamisi akabonyeza, na Papa Kasongo akaendelea.